Simu Isiyorudisha Pumzi

Tarehe 4 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako ya mwezi uliopita imefika. Utingo wa basi aliikunja mara tatu lakini inasomeka. Umeandika kwamba Baba amesema angependa kuisikia sauti yangu. Sentensi hiyo niliisoma mara nne, kisha nikafunga karakana saa tisa mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya kazi.

Nimefikiria namna ya kufanya. Simu za mkononi huko hazishiki mpaka mtu apande kwenye tangi la maji, na Baba kwa macho yale hapandi popote. Lakini umesema shule iliyo mbele ya nyumba imewekewa intaneti, na Mwalimu Mkuu hana kinyongo mkiitumia. Hiyo inatosha. Sauti ya mtu haili intaneti nyingi, inakula kidogo kuliko wanafunzi wake wanaotazama mpira.

Simu ya kioo haimfai mtu asiyeona. Ninatengeneza simu ya mezani inayopita kwenye intaneti, isiyo na namba wala vitufe. Ukiinua mkono wa simu, inaniita mimi hapa karakana. Ukiurudisha, imekata. Basi. Ndani hakuna kitu cha ajabu: kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ukubwa wa kipande cha sabuni, kadi ya sauti ya kuchomeka, chaja ya simu ya kawaida, na swichi ya mlango wa friji, ile inayozima taa ukifunga. Vyote ni vitu vya kazi yoyote, hakuna hata kimoja kilichozaliwa kuwa simu. Kimoja kikifa, unabadilisha hicho kimoja.

Kinachokosekana ni mkono wenyewe. Ule wa simu yetu ya zamani upo bado? Nautaka huo kwa sababu kiganja cha Baba kinaujua.

Maneno yake sijayasahau. Ni miaka sita. Kampuni ya simu ilikuwa inaondoa laini zote za shaba, nami nilikuwa kibarua wao, juu ya nguzo ya arobaini na moja, na mkasi mkononi. Baba akaja kwa miguu toka nyumbani, akifuata nguzo moja baada ya nyingine za laini aliyoivuta mwenyewe alipokuwa fundi wa simu. Akasimama chini. Akasema, "Ukimaliza, usishukie upande wangu." Nikashukia upande wa pili, na nyumbani sijafika tena. Kwa hiyo kama amesema anataka kunisikia, nitaitengeneza kwa makini.

Mdogo wako,
Waya


Tarehe 13 Februari

Mdogo wangu Waya,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nina sare sabini za shule za kumaliza kabla ya muhula kufungwa na cherehani imeanza kula nyuzi, kwa hiyo nikikuandikia kwa kukatakata usinihesabie.

Mkono wa simu upo. Ulikuwa kwenye sanduku la vitambaa, chini ya vipande vya pazia. Nakutumia kwa basi hili hili, nimeuviringisha kwenye kitambaa cha suruali. Utaona ule ufa wako hapo pembeni, wa siku ulipouangusha ukiwa na miaka saba, na gundi aliyopaka Baba ikamwagika mpaka nje kama uji. Hakukupiga siku ile. Mimi ndiye niliyepigwa, kwa kutokukuangalia, na deni hilo bado unalo.

Lakini haraka ya nini? Barua zinatosha. Barua mtu anaisikia mara mbili, mara tatu, akitaka kesho anaisikia tena. Simu ikikatwa imekatwa. Tena intaneti ya shule yenyewe siku nyingine ipo, siku nyingine imekwenda matembezi. Nasema tu.

Baba amefurahi kusikia habari ya kifaa chako. Amesema Mungu akubariki mikono. Macho yake sasa anatofautisha dirisha na ukuta, zaidi ya hapo hapana. Anajinyoa mwenyewe, hataki msaada. Kila siku ikifika saa nne asubuhi anaacha chochote anachofanya na kukaa kimya kidogo, na ukimuuliza anasema anapumzika. Unakumbuka saa nne? Akiwa kazini alikuwa anapanda nguzo, anaunganisha ile simu yake ya majaribio, anapiga nyumbani kujua kama laini iko sawa. Sisi tunagombania mkono. Wewe ulikuwa unapiga kelele, "Baba, uko nguzo ya ngapi?" Akisema themanini tunajua leo halali nyumbani. Akisema kumi na mbili, Mama anabandika maji ya chai.

Siku hizo nazikumbuka sana. Usifanye haraka na hilo dude.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada, shikamoo.

Simu iko ndani ya boksi la plastiki, lile lenye kifuniko cha kubana. Nimetoboa tundu la waya na tundu la swichi. Chomeka chaja ukutani, subiri dakika mbili, taa ya kijani ikitulia iko tayari. Neno la siri la intaneti ya shule nimeshaliweka kama ulivyoniandikia. Usiifungue. Usiiweke karibu na pasi yako.

Mkono nimeusafisha lakini gundi ya Baba sikuibandua. Kipaza sauti cha zamani kilikuwa cha unga wa makaa, kompyuta haielewani nacho, nimeweka kidogo cha kisasa ndani. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Nimeupima uzito: umepungua gramu kumi na nne, nikaongeza kipande cha risasi ya kulehemu ili uwe kama alivyouzoea.

Nitakuwa karakana kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja kila siku. Hakuna cha kupiga. Ainue tu.

Tafadhali msomee Baba haya yafuatayo, kama yalivyo: "Baba, shikamoo. Simu hii inatumia volti tano. Kwa siku nzima haimalizi umeme wa balbu moja ndogo. Ukiiacha imechomekwa hakuna madhara. Ni mimi."

Waya


Tarehe 15 Machi

Waya,

Dude lako limefika salama, halikuvunjika kitu. Liko juu ya kabati dogo karibu na kiti cha Baba. Taa ya kijani inawaka vizuri, naiona hata nikiwa nimekaa kwenye cherehani.

Ila halifanyi kazi. Baba ameinua siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, akasema limekufa. Basi, umejitahidi, na hakuna anayekulaumu. Si kila mbegu inaota. Acha tuendelee na barua. Ujumbe wako nimemsomea, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mwanangu hajabadilika, ana moyo wa kujali.

Nimemaliza sare arobaini na moja. Zilizobaki vifungo havitoshi.

Dada yako


Tarehe 22 Machi

Dada, shikamoo.

Simu inafanya kazi. Mashine inaandika kila kinachopita ndani yake, nami naisoma kutoka huku. Tarehe 12, saa nne na dakika mbili, mkono uliinuliwa, nikaitwa, nikapokea, ukarudishwa. Sekunde tisa. Tarehe 13, saa nne kamili, sekunde nane. Tarehe 14, saa nne na dakika moja, sekunde kumi na moja. Na imeendelea. Mpaka leo ni mara kumi na moja, hajaruka hata Jumapili.

Mara zote nilipokea. Nilifunga mlango wa karakana na kubana pumzi. Nilisikia mtu akivuta hewa na kuitoa, mara mbili, karibu sana na sikio langu. Kisha mkono ukarudishwa. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye karatasi ya kumsalimu, sikuisoma. Siku ya pili nayo sikuisoma. Nilitaka yeye aanze, kwa sababu ndiye aliyesema nisishukie upande wake.

Kwa hiyo hakuna kilichokufa. Anainua, anajua niko upande wa pili, anakata. Ana haki hiyo. Lakini sielewi kwa nini aniambie kwa barua kwamba Mungu anibariki mikono, halafu anikatie simu mara kumi na moja. Imeniuma, Dada. Sikutegemea kwamba ingeniuma kiasi hiki.

Naomba uchomoe chaja, uifunge kwenye boksi lake na kuirudisha kwa basi. Vitu vilivyomo nina matumizi navyo.

Waya


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Sijaichomoa. Soma mpaka mwisho kabla hujanuna.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ndiyo imefika mwisho. Baba hakusema anataka kuisikia sauti yako. Sentensi ile niliitunga mimi, nikiwa nimeshika mkasi, nikaona inapendeza nikaiweka. Mungu akubariki mikono ni mimi. Mwanangu hajabadilika ni mimi. Yeye tangu siku ya nguzo hajanipa hata salamu nikupelekee. Ukitajwa anauliza kama mlango umefungwa.

Na wewe nimekufanyia yale yale. Unadhani ningemsomea mzee kipofu habari ya volti tano? Barua zako, mdogo wangu, ni kama maelezo ya kutumia jiko. Kwa hiyo nikisoma nakuongezea. Kwenye barua zako wewe unamlilia Baba, unaota ndoto za nyumbani, unauliza kama kikohozi kimepona. Kikohozi chenyewe hukijui. Yeye anasikiliza mpaka mwisho, kisha anaomba maji. Miaka miwili nimewapaka nyote mafuta kwa mgongo wa chupa, nikijua ipo siku mtachoka na kupatana, na mimi nitabaki na siri yangu. Sikujua utaunda simu. Ulipoandika habari ya simu niliogopa mpaka nikashona mkono wa shati kichwa chini. Mngezungumza wenyewe kwa wenyewe, dakika moja tu, kila kitu kingeanguka juu yangu.

Ndiyo maana nilipoiweka sikumwambia inatoka kwako. Nilisema shule inagawa simu kwa majirani, aijaribu. Sasa, kuhusu kukukatia: hajakukatia. Hajui uko upande wa pili. Kila siku saa nne anainua mkono, anaweka sikioni, anasikiliza, kisha anapuliza kwenye mdomo wa simu, fuu, fuu, kama alivyokuwa anafanya kwenye nguzo. Anasikiliza tena. Anasema, "Imekufa," anarudisha. Nami sikumbishia, maana ilikuwa inanifaa ife.

Lakini juzi kuna jambo. Alipomaliza kupuliza hakurudisha. Aliupapasa ule mkono, kidole kikapita pale kwenye ufa, kikarudi, kikapita tena juu ya gundi. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikauacha. Akauliza nani ameifunga simu hii. Nikasema fundi mmoja. Akaendelea kuupapasa muda ambao ningeweza kupindia suruali nzima. Kisha akasema maneno haya, na nakuandikia kama yalivyotoka, sijatia chumvi hata chembe:

"Mwambie huyo fundi wako hajui simu. Simu isiyorudisha pumzi ni gogo."

Jana saa nne akainua tena. Leo pia.

Nisamehe au usinisamehe, lakini simu sirudishi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Baba kwako kwa miaka sita, na ni matusi, ila ni yake.

Dada yako


Tarehe 5 Aprili

Dada, shikamoo.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu hasira iliisha nikiwa nabadilisha feni ya kompyuta ya mtu. Nilijaribu kukumbuka barua moja niliyowahi kuandika ambayo ungeweza kumsomea kama ilivyo. Sikuipata. Kwa hiyo sina kubwa la kukulaumu, ila kikohozi ungeniambia.

Baba yuko sahihi. Simu za zamani zilikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, ukiinua unasikia mlio mrefu usiokatika, ndipo unajua laini ipo. Ya pili, sauti yako mwenyewe inakurudia sikioni, kidogo tu. Watu hawaitambui, lakini isipokuwepo wanahisi wanaongea na ukuta. Fundi wa laini anaitumia kupima: anapuliza, pumzi ikirudi laini ni nzima, isiporudi anashuka kutafuta palipokatika. Hazungumzi kwenye laini ambayo hajaipima. Mimi nimekua nikiliona hilo kila siku na sikulikumbuka.

Kompyuta haina mlio kwa sababu hakuna aliyeiambia iwe nao. Pumzi ni kosa langu kabisa. Kadi ya sauti ilikuja na njia ya kurudisha sauti sikioni. Mwezi wa pili nilipokuwa naipima niliisikia, nikaiona ni kasoro, nikaizima kwa mkono wangu. Kwa hiyo Baba alikuwa anapuliza, mimi nasikia pumzi yake yote, yeye hasikii chochote, na kila mmoja amekaa akimsubiri mwenzake.

Nimeingia kwenye mashine leo kutoka huku. Pumzi nimeiwasha. Nimeiwasha ndani ya kadi yenyewe, si kwenye programu, kwa sababu ikichelewa hata kidogo inakuwa mwangwi, na Baba angeniita mshamba. Mlio nimeutengeneza kwa kukumbuka, nimeulinganisha na nilivyokuwa nauimba nikiwa mtoto. Sasa akiinua atausikia mlio, na hautakoma mpaka mimi nipokee.

Barua hii itachukua siku nne kukufikia na yeye ataiinua kesho saa nne. Sina njia ya kukutahadharisha. Hajui kuwa ni mimi, au anajua, sijui. Akisikia sauti yangu akakata, safari hii nitaelewa kwamba amekata, na nitakuomba uichomoe kweli.

Waya


Tarehe 6 Aprili

Waya,

Sijui kama kuna barua yako njiani. Kama ipo, imechelewa, maana mambo yametokea.

Leo saa nne Baba aliinua mkono kama kawaida yake. Nilikuwa naweka vifungo. Nikamwona ameinamisha kichwa. Kutoka nilipokaa nilisikia mlio, mwembamba, uuuu, nikajichoma sindano. Sijausikia mlio ule tangu Mama yuko hai. Baba akaukaza mkono sikioni. Akausikiliza mpaka ukakoma wenyewe, kisha akapuliza. Fuu, fuu. Nikaona mabega yake yameshuka.

Akasema, "Laini safi."

Alisema kwa ile sauti yake ya kazini, siyo ya mzee anayeomba maji. Nikasikia huko ndani mtu anasema jambo fupi, sikulishika, lakini sauti niliitambua kwa sababu inakwaruza kama ya babu yetu. Ni wewe. Nikasubiri Baba arudishe mkono. Nilikuwa nimeshajiandaa kusimama katikati, kusema alikuwa na maana hii, na wewe ulikuwa na maana ile. Kazi yangu ya miaka miwili, naijua.

Baba akasema, "Uko nguzo ya ngapi?"

Waya, nilitoka. Nilivaa viatu kushoto kulia, kulia kushoto, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye kamba ya kuanikia, nikashika shuka mbichi na kulia. Sikusikiliza, naapa. Mmezungumza wenyewe, mimi sikuwepo, na sina neno hata moja la kuongeza. Niliporudi mkono ulikuwa mahali pake na Baba amekaa, mikono juu ya magoti. Nikamuuliza mmesema nini. Akasema nimalizie vifungo.

Baada ya chakula ndipo akaniambia nitandike kitanda cha chumba cha nyuma. Nikauliza cha nini. Akasema chumba kinapitishwa hewa, kwani ni kosa? Halafu akauliza, kama mtu asiye na haja ya jibu, kama yule fundi bado anakunywa chai bila sukari.

Sasa wewe niambie ulimjibu nini, na yeye alisema nini. Mimi ndiye niliyewatungia maneno miaka miwili yote, na haya ya kweli ndiyo siyajui.

Dada yako


Tarehe 10 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua hii siipi utingo. Ninapanda basi nayo na nitakukabidhi mkononi, kwa sababu yaliyomo nikiulizwa mdomoni sitaweza kuyasema, na wewe utauliza kabla sijaweka mfuko chini.

Nilipopokea nilisema, "Shikamoo, Baba." Ndilo hilo jambo fupi ulilolisikia. Hakuitikia. Aliuliza nguzo. Nilitazama karatasi yangu, haikuwa na jibu la swali hilo.

Nikasema, "Ya arobaini na moja, Baba. Bado niko juu."

Alinyamaza. Mashine imeandika kwamba simu ile ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi na mbili, na karibu zote ni za kimya hicho. Safari hii sikubana pumzi. Yeye alikuwa ananisikia nikipumua na mimi namsikia. Nililia, lakini kwa sauti ndogo, sijui kama kadi ya sauti iliichukua.

Kisha akasema, "Shuka. Shukia upande wangu."

Akarudisha mkono.

Mdogo wako,
Waya